Mashine ya Kumi na Mbili

Nilipowaacha wiki jana nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka langu hapa mtaa wa Fedha, nina kompyuta kumi na moja zinazofanya kazi na moja iliyokataa katakata, na gari la kuzibeba linapiga honi nje.

Kama unanisoma kwa mara ya kwanza, usihangaike. Naitwa Opicho. Nauza kompyuta za ofisi, zile za mezani, zilizotumika ng'ambo zikaletwa huku, nikazisafisha na kuzitia waranti. Niliacha kazi ya ukarani kule Makadara kwa ajili ya biashara hii, na tangu siku hiyo dunia imekuwa ikinifunza kwa bakora.

Mteja wangu alikuwa Mama Nthoki, mwenye kiwanda cha sare za shule na ovaroli, upande ule wa Industrial Area unaopakana na Mukuru kwa Reuben. Aliagiza kumi na mbili. Kumi na moja hakutaka kusikia.

"Kumi na mbili, kama mitume," aliniambia. "Ukileta kumi na moja, rudi nazo."

Basi nikakimbia mlango wa tatu kwa Abdinoor, muuzaji mwenzangu.

"Buda, niokoe. Nipe moja tu."

"Iko moja," akasema. "Lakini hii ni ya Marekani. Cheki hapa nyuma. Unaona hii swichi nyekundu? Iko mia moja kumi na tano. Umeme ya huku ni zaidi ya mia mbili. Usichomeke kabla hujaisukuma upande ule mwingine. Umeskia?"

"Nimeskia."

"Opicho, umeskia?"

"Abdi, si nimekuambia nimeskia! Nitaisukuma nikifika, gari inaniacha."

Ananijua. Alichukua karatasi ya manjano, akaandika KUMBUKA SWICHI kwa kalamu nene, akaibandika pale nyuma.

Ndani ya gari niliitazama ile karatasi ikaniudhi. Mashine kumi na moja zinang'aa, na ya kumi na mbili ina tangazo mgongoni. Nikaibandua. Mahali pake nikabandika stika ya duka langu, ya buluu, yenye namba yangu ya simu. Ilikaa vizuri sana, nusu yake juu ya ile swichi.

Tulipofika kiwandani nilikuwa nimeshasahau yote.

Sasa lazima mwelewe desturi ya pale. Kwa Mama Nthoki hakuna kitu kipya kinachotumika kabla ya kuombewa. Cherehani ziliombewa. Lori liliombewa. Hata lile birika kubwa la chai ya wafanyakazi lilipakwa mafuta ya upako kabla halijaona jiko.

"Fundi, panga tu kwa meza," Mama akaniambia. "Hakuna kuwasha. Jumatatu Mchungaji Kilonzo atakuja, tuziweke wakfu."

Fundi mwenye akili angesema, Mama, nipe nusu saa nizijaribu. Mimi nilifurahi. Ilikuwa Ijumaa, na jioni hiyo kulikuwa na mpira.

Wa kunisaidia kupanga alikuwa Nekesa, karani wa pale. Huyu dada amezaliwa na kukulia Mukuru kwa Reuben. Alikuwa kibarua wa kutwa, wa kuchaguliwa langoni kila asubuhi, miaka minne, kisha akapata meza ya kukata vitambaa, akajisomea kompyuta kila Jumamosi mpaka Mama akampandisha ofisini. Alikuwa kwenye kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, na zilibaki wiki mbili. Meza ya kumi na mbili ilikuwa yake.

"Omwana wefwe," nikamwambia, yaani mtoto wa kwetu, maana sote ni watu wa magharibi, "nisaidie kitu kidogo. Pigia hizi mashine picha huku nyuma, namba zionekane, unitumie kwa WhatsApp niandike waranti. Mimi nakimbia."

"Lakini Mama amesema zisiguswe."

"Picha ni kugusa?"

Akacheka. "Haya. Lakini wakiniuliza nitasema ni wewe."

"Sema ni mimi," nikasema, na nikaenda kuangalia mpira.

Picha zilifika nikiwa na kipande cha nyama choma mkononi. Simu ililia mara nyingi mfululizo. Kwa kidole kisicho na mafuta nikatuma dole gumba, nikarudi kwa mechi. Timu yangu ilipigwa tatu bila, lakini hilo ni janga la siku nyingine.

Jumatatu asubuhi ofisi ilijaa. Mchungaji Kilonzo alikuwa na chupa yake ya mafuta, Mama Nthoki alikuwa na kilemba kipya, na nyuma yao alisimama Madam Perez, msimamizi wa ofisi, mama mwenye imani kali na macho makali zaidi. Wakata vitambaa walikuwa wamejazana mlangoni. Uliimbwa wimbo. Kila mashine ikapata tone la mafuta juu ya paji lake na sala yake fupi.

Kabla ya kuanza, Mama alikuwa amenivuta kando. "Opicho, hizi zikienda vizuri, wewe ndiye utakuwa fundi wetu. Hapa, na kile kiwanda kingine tunafungua Januari."

Mnajua duka langu lilikuwa linakaribia kufungwa, mmesoma. Nilitamani kumbusu mkono.

"Sasa iwake!" Mchungaji akasema. "Mdogo wetu atuwashie."

Nekesa akaenda ukutani pale mezani pake, akaweka kidole kwenye swichi, akabonyeza.

PA!

Cheche zikaruka, moshi ukapanda, taa zikazimika. Nyuma kule cherehani zote zikanyamaza kwa pamoja. Mtu mmoja akapiga kelele, "Shindwe!" na wakata vitambaa wakatoka mlangoni mbio kuliko walivyoingia.

Umeme uliporudishwa tukawasha zile nyingine, moja baada ya moja. Zote kumi na moja zikawaka bila kukohoa. Ya kumi na mbili ilikuwa imelala kimya, inanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Hiyo ni Yuda," akasema mkata vitambaa mmoja, Odongo, bonge la mtu anayejulikana kiwanda kizima kwa mdomo wake. Watu wakacheka. Hata Mchungaji alificha meno.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeinama nyuma ya meza. Niliona stika yangu ya buluu, na chini yake swichi nyekundu imekaa kwenye mia moja kumi na tano, kana kwamba Abdinoor mwenyewe ananitazama.

Mikono ilitangulia, akili ikafuata. Nikatoa bisibisi mfukoni, nikaisukuma upande wa pili. Hakuna aliyeniona.

"Fundi, ni nini?" Mama akauliza.

"Pawa saplai imeungua, Mama. Hili sanduku la kuingiza umeme. Leo leo naleta lingine."

"Mbona hii moja tu?"

Mlango ulikuwa wazi hapo. Ningesema tu, Mama, nilisahau swichi, nisamehe. Angenikaripia, tungekunywa chai, na nyinyi leo mngekosa cha kusoma. Lakini niliwaza kuhusu kiwanda cha Januari, nikaufunga ule mlango.

"Mambo ya umeme, Mama. Huwezi jua."

"Mimi najua," akasema Madam Perez.

Akasogea mbele.

"Ijumaa jioni nilimwona Nekesa nyuma ya hizi mashine. Peke yake, ameinama. Sikutaka kusema. Lakini kitu kimekatazwa kuguswa, mtu anakigusa kabla ya maombi, na ile yake ndiyo inachomeka mkononi mwake. Mnataka ishara gani ingine?"

"Nilikuwa napiga picha, Madam," Nekesa akasema. "Fundi alinituma. Si ndio, Fundi?"

Wote wakanigeukia. Mama, Mchungaji, Perez, Odongo mlangoni. Nekesa alikuwa anatabasamu kabisa, mtu anayejua jibu linakuja.

"Sikumbuki vizuri," nikasema. "Ijumaa nilikuwa na haraka."

Katika hadithi hii ya kila wiki nimewaambia mengi ya aibu. Nimewaambia juu ya kontena la skrini bila kompyuta, na siku niliyojificha chooni mteja akinitafuta. Hilo neno "sikumbuki" ndilo nililoandika nikalifuta mara tatu kabla ya kulileta gazetini. Nilimwona yule dada tabasamu likimtoka, na nikaangalia pembeni.

Mama Nthoki si mtu wa hasira za haraka. Alifikiri, akasema, "Mimi sifukuzi mtu kwa sababu ya moshi. Tutafunga. Siku tatu, kesho mpaka Alhamisi, kiwanda chote, hakuna chai wala chakula cha mchana. Mashine itengenezwe, iombewe upya. Ijumaa nitaamua kama Nekesa anabaki ofisini ama anarudi lango."

Kisha akanigeukia. "Na wewe Opicho, sasa ni mtu wa nyumbani. Utafunga na sisi."

Jioni hiyo nilibadilisha ile pawa. Abdinoor alikuwa na nyingine moja tu inayoingia kwenye kasha lile, ya Marekani vilevile, na swichi nyekundu vilevile. Safari hii niliisukuma mbele ya macho yake, kabla hata sijatoka mlangoni. Mashine ikawaka vizuri, nikabandika stika nyingine mgongoni, na Jumanne asubuhi Mchungaji akaipaka mafuta mara ya pili.

Sijui kama umewahi kukaa kati ya watu themanini walionyimwa githeri, mahindi na maharagwe yao ya mchana. Kufikia Jumanne saa nane mchana mikasi ilikuwa inakata vitambaa kwa sauti ya kutisha.

"We Nekesa," Odongo alikuwa akiita kila anapopita, "githeri yetu iko wapi?"

"Omba radhi basi tukule!" mwingine anadakia.

Nekesa anapita na faili zake, shingo juu. Na mimi nilikuwa hapo hapo, nafundisha makarani jinsi ya kuprinti, kila mtu ananiita fundi mzuri.

Jumatano njaa ilinishinda. Nyuma ya maghala kuna kibanda cha mama mmoja anayepika madondo mazito, na chapati zake hazijui kukauka. Nikajibanza kwenye benchi la ndani kabisa. Nilikuwa kwenye chapati ya pili.

"Fundi. Unafunga na madondo?"

Maharagwe yakanipalia. Nekesa alikuwa amesimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Kaa," nikamwambia nilipopata pumzi. "Kaa nikuagizie."

"Mimi nafunga. Wengine tuna kitu cha kuombea."

Lakini alikaa. Aliitazama sahani yangu, akameza mate, akatazama kando.

"Unajua lango liko aje?" akaniuliza. "Unafika mapema, mko watu kama mia tatu. Jamaa anatoka na karatasi, anaonyesha kidole. Wewe, wewe, wewe. Kisha anafunga. Mimi ni mfupi, Fundi. Miaka minne nilikuwa nasimama juu ya jiwe nionekane. Hilo jiwe bado liko. Juzi nimepita nikaliona."

"Pole, Nekesa."

"Sitaki pole. Mathe wangu kila jioni ananiuliza, 'Bado uko na kiti?' Ananiuliza hivyo hivyo. Haulizi kazi, anauliza kiti. Jumatatu sikumjibu."

Chapati ilikuwa mkononi mwangu kama kitu cha wizi.

"Zile picha nilikutumia," akasema, "ulizifungua?"

"Nilikujibu."

"Najua ulijibu. Nimekuuliza kama ulifungua."

Akainuka akaenda zake bila kugeuka.

Nikatoa simu. Picha kumi na mbili, zimepangwa vizuri, namba zinasomeka. Nikafika ya mwisho. Ilikuwa na stika yangu ya buluu, na pembeni mwa stika ncha nyekundu inachungulia. Chini ya picha alikuwa ameandika:

"Fundi hii ya 12 iko na swichi nyekundu imeandikwa 115. Zingine hazina. Iko sawa niache hivyo?"

Na chini yake lilikuwapo jibu langu. Dole gumba, nono, la manjano, limesimama wima.

Madondo yalinikataa kuanzia hapo. Huyu dada aliona. Mtu aliyesomea kompyuta Jumamosi tu aliona kile ambacho mimi fundi mwenye stika sikukiona, akaniuliza, nikamwambia sawa. Na Jumatatu, nilipomkana mbele ya watu, simu yake yenye ujumbe huo ilikuwa mfukoni mwake. Angeitoa tu. Hakuitoa. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema mwenyewe, na siku mbili zilikuwa zimepita nikifundisha watu kuprinti.

Sasa sikieni ujinga wangu. Pale pale kibandani, kwa hofu, nikafuta mazungumzo yote. Nikafuta picha, swali na dole. Sekunde moja baadaye nikakumbuka kwamba kufuta kwangu hakufuti kwake. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimejivika shuka linaloonyesha.

Alhamisi nilimweleza Abdinoor. Aliposikia habari ya ile karatasi ya manjano alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipofika sehemu ya Nekesa akaacha kucheka.

"Buda, mashine ikichomeka tunabadilisha pawa. Huyo dada utambadilishia nini?"

"Nikisema, Mama ananifukuza. Kiwanda cha Januari kimeenda. Labda na duka."

"Labda," akasema. Akarudi kwa kazi yake, hakuniambia zaidi, na hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa saa nne tuliitwa ofisini. Mama Nthoki kwenye kiti chake, Mchungaji Kilonzo kando, Madam Perez na daftari. Nekesa alisimama karibu na meza yake. Chini ya miguu yake kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani niliona kikombe chake cha chai na sweta. Alikuwa amefungasha mwenyewe kabla hajaambiwa.

Mlango uliachwa wazi, na Odongo na wenzake walikuwa wamejisogeza wakijidai wanatafuta uzi.

"Nekesa," Mama akaanza, "wewe ni mfanyakazi mzuri. Hakuna mtu anakataa. Lakini..."

"Mama, ni mimi," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Nikarudia.

"Ni mimi niliyeunguza ile mashine. Ilikuwa na swichi ya umeme wa Marekani, nikaambiwa niigeuze, nikasahau. Nekesa nilimtuma mimi zile picha. Nakumbuka vizuri. Jumatatu nilidanganya."

Nikangoja radi. Mama Nthoki akanitazama, uso wake ukalainika.

"Opicho," akasema, "uko na roho nzuri."

"Ati nini?"

"Unataka kumwokoa huyu msichana. Ubebe makosa yake. Si nilikuambia, Mchungaji?"

"Uliniambia," Mchungaji akasema, akitikisa kichwa kwa furaha. "Nilivyoona anavyomwangalia wiki hii yote, nikajua. Upendo hustahimili yote."

Mlangoni Odongo alipiga mluzi.

"Mama, si upendo!" nikapaza sauti. "Ni swichi!"

"Kweli si upendo," akasema Nekesa, bila kupepesa macho. Wakata vitambaa wakaangua kicheko.

Siku nzima ya Jumatatu nilisema uongo nikaaminiwa mara moja. Leo nasema ukweli mtupu na naonekana bwana harusi.

"Uko na ushahidi?" Madam Perez akauliza. "Kitu cha kuona?"

Mkono ukaenda mfukoni kwa simu, ukakumbuka, ukarudi. Nikamtazama Nekesa. Simu yake alikuwa ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Endelea, Fundi," akaniambia polepole. "Unaendelea vizuri."

Nikaelewa. Hakuwa tayari kunivuta kutoka shimoni nilimomtumbukiza yeye. Nipande mwenyewe.

"Na kama ni kaswichi tu," Perez akaendelea, "mbona tangu iombewe tena inafanya kazi? Siku tatu haijachomeka."

"Kwa sababu niligeuza, Madam. Na naweza kurudisha."

Nikaenda kwenye meza ya kumi na mbili, nikaizima, nikachomoa waya. Nikaigeuza mgongo kwa watu wote na kubandua stika yangu. Ilitoka kwa shida, na kipande cha jina langu kikabaki pale.

"Mama, tafadhali, angalia. Hapa ni mia mbili na thelathini, ya huku kwetu. Naisukuma. Sasa ni mia moja kumi na tano. Sijafanya kitu kingine."

Mama akavaa miwani, akainama, akaona. Nikarudisha waya.

"Mchungaji, mashine hii imeombewa?"

"Mara mbili. Na mafuta nimepaka mengi kuliko zingine."

"Nekesa ameigusa leo?"

"Amesimama hapo tu, tunamwona."

"Basi asiwashe Nekesa wala mimi. Awashe mtu ambaye hana doa." Nikageuka. "Madam Perez, wewe ukoje na Mungu?"

"Mimi?" Alijikweza kimo chote. "Niko sawa kabisa!"

"Umefunga?"

"Siku zote tatu. Hata maji sikunywa mchana."

"Basi tuwashie. Simama mbali na meza, swichi ni ile ya ukutani."

Madam Perez alimtazama Mama. Mama akamkubalia kwa kichwa. Akatembea mpaka ukutani, akafumba macho, midomo ikacheza kwa sala fupi, akanyoosha kidole.

PA!

Cheche, moshi, na taa zikazimika. Cherehani zikanyamaza tena kiwanda kizima. Madam Perez alikuwa amebaki na kidole hewani, mdomo wazi.

Hakuna aliyesema "Shindwe". Hakuna aliyethubutu.

Mwanga wa dirishani ulitosha kumwona Mama Nthoki akivua miwani taratibu, akiifuta kwa pindo la kilemba, akiivaa tena.

"Nekesa," akasema.

"Naam, Mama."

"Toa hicho kikombe kwa mfuko. Kirudishe kwa meza yako. Majaribio yako yameisha leo."

Nekesa aliinama. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko inavyohitajika kuokota kikombe, na alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Alikiweka mezani kwa mikono miwili. Kisha akavuta kiti chake, akakalia. Nilijisikia mwepesi, jamani. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilivuta pumzi ikafika chini. Nikachukua begi langu la vifaa, nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlango, taratibu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

"Opicho," akasema Mama.

"Mama."

"Watu wangu themanini hawajaonja chakula cha mchana siku tatu. Ni kwa sababu ya hiyo swichi?"

"Mama, kwa kweli, ukiangalia vizuri..."

"Ndio ama hapana?"

"Ndio, Mama."

Nyuma yangu nikasikia viatu. Nikageuka. Odongo alikuwa amejaa mlangoni, mkasi wake mkubwa wa kukatia jinzi unaning'inia mkononi, na nyuma ya bega lake nyuso nyingi zilizokonda kwa githeri ambayo haikupikwa.

"Kwa hivyo," Odongo akauliza kwa upole sana, "ni huyu?"

"Mlinzi!" Mama Nthoki akaita dirishani. "Funga lango. Huyu fundi asitoke."

Nikamtafuta Nekesa kwa macho. Yeye ndiye pekee mle ndani aliyejua maneno ya kuniombea. Alikuwa ameketi wima kwenye kiti chake, kikombe kando. Akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, bila haraka.

Kisha akainua mkono, akanionyesha dole gumba.

Nje, nikasikia komeo la lango likiingia.